Mtoa Huduma Ashauri, Mwenye Mali Aamue

Vyama vya akiba na mikopo, shule na maduka mengi ya Mbeya na Iringa, kama yalivyo ya Unguja na Pemba, havina fundi wao wa kompyuta. Kazi hiyo hukabidhiwa kampuni ya nje kwa mkataba. Utaratibu huo si mbaya, kwani ofisi yenye mashine kumi haina haja ya kumwajiri mtaalamu wa kukaa kutwa akisubiri mojawapo iharibike. Matatizo huzuka pale ofisi inapotaka kununua mashine mpya.

Wako wanaonunua bila kumshauri yule atakayezitunza. Mtu husafiri kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, akachagua kwa bei peke yake, kisha akarudi na kumwambia mtoa huduma, "Haya, zitunze." Kumbe amenunua mashine kuukuu. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Swali moja tu kwa fundi lingetosha kuiokoa fedha hiyo.

Wako pia wanaomwachia mtoa huduma kila kitu. Yeye ndiye anayeandika orodha ya mahitaji, yeye anayeuza, na yeye huyo anayethibitisha kwamba mali iliyopokelewa ni sawa. Leseni za programu zinasajiliwa kwa jina lake, na maneno ya siri anayajua yeye tu. Siku mkataba unapovunjika, mwenye ofisi hujikuta mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Ikiwa ofisi hiyo ni ya chama cha akiba na mikopo, wanaoumia ni wanachama ambao daftari la akiba zao limo ndani ya mashine hizo. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Taifa letu linalo funzo la zamani katika jambo hili. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilihamishiwa katika kompyuta wakati wataalamu wa wenyewe walikuwa haba na kazi ikiwategemea mno wageni. Jaribio lile halikufaulu, likaleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Wasomaji wetu wa Visiwani, waliokuwa na televisheni yao ya rangi miaka hiyo hiyo, wanajua jinsi Bara ilivyongoja kwa muda mrefu. Kwa maoni yetu, mashine hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kununua kitu ambacho mnunuzi mwenyewe hakuwa na uwezo wa kukisimamia.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba mtoa huduma aulizwe kabla fedha haijatoka, na ushauri wake uandikwe. Aeleze ni kazi gani mashine itafanya, vipuri vitapatikana wapi, na nani atagharimia usafiri wa kifaa kinachorudishwa chini ya dhamana, ama kwa kushuka Kitonga, ama kwa kuvuka bahari. Aeleze pia kinga ya umeme. Nyanda za Juu Kusini zina radi nyingi majira ya mvua, Visiwani kuna hewa ya chumvi, na Unguja haijasahau kukatika kwa umeme kwa miezi kadhaa kuanzia Desemba, 2009.

Baada ya ushauri, bei ziulizwe kwa wauzaji wengine angalau wawili. Ikiwa mtoa huduma naye anauza, aseme wazi faida yake. Hati za mauzo, dhamana na leseni ziwe kwa jina la ofisi, na nakala ya maneno ya siri ifungiwe katika sefu ya ofisi. Mali ikifika, ipokelewe na mtu ambaye hakuiuza.

Viongozi wa Serikali wana wajibu mkubwa zaidi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 zipo kwa Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya ununuzi ya mwaka 2016. Sheria hizo hazitasaidia kitu iwapo ofisa mhusika ataweka sahihi juu ya orodha asiyoielewa. Kila wilaya iwe na walau mtumishi mmoja aliyefundishwa kuisoma orodha hiyo na kuihoji. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko pale pale Mbeya, na Visiwani kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vitumiwe.

Kazi ya kutunza mashine yaweza kukodishwa. Dhamana ya mali na ya siri za wananchi haikodishwi, na atakayeulizwa siku ya hasara ni yule aliyeweka sahihi.