Faida ya Gogo Bovu

Mwembe mkongwe ukiangushwa na upepo shambani, watu huja na mashoka. Matawi hukatwa yakawa kuni, na hilo si kosa, kwani chakula hakiivi bila moto. Lakini mara nyingi hubaki shina lenyewe, zito, lenye tundu ndani, lisilofaa kwa mbao. Mwenye shamba huliona kuwa uchafu, akalitia moto mpaka likateketea. Hapo ndipo akosapo, maana ameichoma nyumba ya watumishi wake.

Watumishi hao ni nani? Wa kwanza ni yule nyuki mkubwa mweusi avumaye kwa nguvu, atoboaye mti mkavu tundu la duara lenye upana kama wa kidole. Humo jike hugawa vyumba kwa ungaunga wa mti, na katika kila chumba huweka chavua na yai moja. Mpasheni wa matunda ya manjano hauzai vema isipokuwa ua lake limepata chavua ya mpasheni mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo, aghalabu huingia na kutoka asiguse panapotakiwa. Bali huyu mkubwa hujipaka chavua mgongoni, akaipeleka mpaka ua la pili. Basi mtu akichoma gogo, kisha akalalamika kwamba mipasheni yake yachanua bila kuzaa, amlaumu nani?

Chura naye hukaa mchana chini ya gogo, penye unyevu, na usiku hutoka kuwinda wadudu. Mjusi huwinda juu yake mchana, na kalunguyeye hujificha humo mpaka jua litue. Jongoo na uyoga huula mti ule pole pole hata ukawa udongo mweusi mzuri. Wote hao hufanya kazi pasipo ujira.

Wako wasemao kwamba gogo huleta nyoka na mchwa. Neno lao si upuzi. Kwa hiyo gogo lisiachwe karibu na nyumba wala kando ya njia. Na liviringishwe mpaka pembeni mwa shamba, penye kivuli, wala mtoto asitie mkono tunduni. Tena watu wa pwani wana sababu yao ya pekee: gogo la mnazi lisiachwe likaoza, kwa maana chonga, yule mdudu mwenye pembe, hutaga mayai humo, na watoto wake wakikua huruka kwenda kutoboa minazi iliyo mizima. Gogo la mnazi na lichomwe. Lakini kosa la mnazi lisiwe hukumu ya miti yote.

Wengine husema, "Kuni ni shida, na akina mama huzifuata mbali; je, mti uachwe kwa ajili ya vyura?" Swali hilo ni la haki, na mwenye njaa hapaswi kuchekwa. Lakini haitakiwi kuacha mti mzima. Litakiwalo ni gogo moja, lile lililooza, ambalo likitiwa jikoni hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Kuni zake huisha kwa siku chache. Likiachwa shambani, huwafaa viumbe miaka mingi, na mwisho huurutubisha udongo.

Wahenga walisema, Kufa kufaana. Mti uliokufa bado una kazi, na mkulima mwenye busara hauharakishi kuwa majivu. Kijana atakayerithi shamba, akikuta pembeni gogo lenye uyoga na nyuki, asidhani kwamba baba yake alikuwa mvivu. Na aulize kwanza ni nani wakaao ndani, ndipo ashike kiberiti, au akiache.