Kumwachia Mungu Si Kumvizia Adui

"Namwachia Mungu." Husema hivyo aliyeporwa shamba, husema hivyo aliyesingiziwa kazini. Ni maneno mema, lakini wengi wetu tukishayatamka hatubanduki pale. Tunabaki kuchungulia ua wa jirani tuone radi itapiga lini, na mtoto wake akiugua tunapeana macho: malipo ni hapahapa duniani. Wengine hawana hata subira hiyo, hukimbilia kusomesha Albadiri. Huko ni kumtuma Mungu kama tarishi.

Ndugu msomaji, nataka tumtazame Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 askari wa dikteta Idi Amin waliivamia nyumba yake usiku wakidai wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Luwum hakujibu kwa bunduki, na wala hakujifungia chumbani na dua zake. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakataja wazi mauaji na uonevu uliokuwa ukifanywa na vyombo vya dola. Tarehe 16 mwezi huohuo wakaitwa Kampala. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Kisha serikali ikatangaza kuwa amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Waliofungua jeneza kijijini kwake Mucwini waliona matundu ya risasi.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mmoja wa wenzake hao, alitoroka na mkewe kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda. Huko uhamishoni, mwaka uleule, alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Najua wapo watakaosema huo ni unyonge. Mimi sioni unyonge kwa watu waliompelekea dikteta barua yenye majina yao. Walichokataa ni kisasi, ukweli waliusema.

Sasa twende kwenye jambo gumu, ambalo wahubiri wetu hupenda kuliruka. Amin alifukuzwa Kampala Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Akakimbilia Libya, halafu Saudi Arabia. Alifia hospitalini Jeddah mwaka 2003, hajawahi kusimama kizimbani hata siku moja. Miaka 24! Mjane aliyengoja kuona malipo hapahapa duniani aliona nini? Kama imani yetu imejengwa juu ya kushuhudia adui akianguka, basi Jeddah inaibomoa. Lakini kama Mungu ndiye hakimu, kesi haifungwi kwa sababu mshtakiwa amekufa kitandani, na sisi hatukupewa tarehe ya hukumu.

Wala mahakama za wanadamu hazipingani na imani hiyo. Anayesamehe anaweza bado kushtaki, maana mhalifu akiachwa hivihivi ataumiza na wengine. Basi uliyedhulumiwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, fungua kesi, toa ushahidi wako bila kutia chumvi. Hukumu ikipindishwa, kata rufaa. Milango yote ikifungwa, usitafute panga wala mganga. Ukikutana na mbaya wako njiani, msalimu. Naye akifiwa, nenda ukazike.