Kujua kuogelea si kujua kuzamia: ziwa letu linahitaji wazamiaji waliofundishwa

Sisi wa Bwegera hatuko ukingoni mwa ziwa. Tuko huku katika tambarare ya Ruzizi, na shughuli yetu kubwa ni mashamba. Lakini watu wetu wanashuka Uvira kila siku, na wengine wanapanda boti kwenda Baraka na Kalemie. Kwa hiyo boti ikizama, matanga yanafika hadi hapa. Desemba 2014, meli Mutambala ilizama katika Tanganyika upande wa Kalemie, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa pale ng'ambo wanatazama.

Kila mara wanaofika wa kwanza ni wavuvi. Wanaruka ndani ya maji na pumzi moja tu, wanatoa wanaoweza. Kisha swali linarudi lile lile: wazamiaji wako wapi? Na jibu linalopendwa ni hili: tuletewe chupa za hewa, vijana wetu watafanya kazi, juu walizaliwa ku maji.

Hapo ndipo tunapaswa kusimama kidogo. Chupa ya hewa katika mikono ya mtu asiyefundishwa inaweza kuongeza maiti ya pili.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Ukishuka mita 10, presha ya maji na hewa juu yako inakuwa karibu mara mbili ya ile ya juu. Mvuvi anayeshuka na pumzi yake anarudi na hewa ile ile aliyoshuka nayo. Lakini mwenye chupa anavuta hewa iliyobanwa akiwa kule chini. Akiogopa, akafunga pumzi na kupanda mbio, hewa ile inavimba kifuani na inaweza kupasua mapafu, hata kutoka mita chache tu. Tena, ukikaa chini muda mrefu, naitrojeni inaingia katika damu. Ukipanda haraka inatoka kama povu la soda lililofunguliwa. Mtu anaweza kupooza au kufa. Matibabu yake ni chumba maalum cha presha, na hicho si kitu cha kukuta katika hospitali zetu za kawaida.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu. Uso wa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya bahari. Majedwali ya kawaida ya kuhesabu muda wa kukaa chini yalitengenezwa kwa ajili ya baharini, na ukipita mita 300 za mwinuko yanatakiwa kurekebishwa. Maana yake, hata mtu aliyepata cheti chake vizuri Mombasa au Zanzibar, akija Uvira inabidi aongeze masomo. Halafu kwenye mlango wa Ruzizi maji ni ya matope, na mna mamba na viboko. Hayo bahari haimfundishi mtu.

Majirani zetu wameyaona haya. Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walikuwa bado hai ndani yake. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaibeba meli ikatoka, na meli ikazama. Walitaka kusaidia kwa moyo wote, lakini ujuzi haukuwepo. Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara, wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, siku mbili baada ya ajali, alikuwa amejificha mahali palipobaki na hewa. Na Likoni, Kenya, mwaka 2019, gari lililoanguka kutoka kivuko lilipatikana mita 58 chini, baada ya karibu wiki mbili. Cheti cha kwanza cha kuzamia kinamruhusu mtu mita 18 tu, na mwisho wa wanaozamia kwa michezo ni mita 40. Kwa hiyo siyo kila mwenye cheti anaweza kutumwa popote.

Tukumbuke pia kwamba Uvira haianzi na sifuri. Kati ya 1995 na 2000, mradi wa viumbe hai wa ziwa Tanganyika ulifundisha watafiti wa nchi nne za ziwa kuzamia na chupa, ili wahesabu samaki na kuangalia miamba. Mradi ukaisha. Kuzamia ni kama kazi ya mkono: usipoifanya, inakutoka. Mtu aliyepata cheti na akakaa miaka bila kuingia majini anatakiwa kurudia mazoezi kabla ya kumwokoa mwingine.

Kwa hiyo, mtu akija kuahidi chupa, shirika au mbunge, tumuulize maswali matatu. Nani atawafundisha vijana, na kwa miezi mingapi? Nani atalipa mazoezi ya kila mwaka, hata mwaka usio na ajali? Na nani atapima chupa na kukagua mashine ya kujaza hewa? Mashine ikivuta moshi wake yenyewe, inampa mzamiaji sumu. Kama hakuna jibu, chupa zile zitaota kutu ndani ya depo, au zitaua.

Wavuvi nao wasiachwe. Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika ziwa Victoria, Bukoba, watu 24 kati ya 43 walipona, na wavuvi walifika wa kwanza. Kijana mmoja kati yao alipelekwa katika jeshi la zimamoto na uokoaji ili afundishwe. Huo ni mfano mzuri: ushujaa upewe shule. Kwa wavuvi wetu tunaweza kuanza na kitu cha bei ndogo: kufundishwa jinsi ya kumrudishia pumzi mtu aliyekunywa maji.

Na kwa sisi abiria, kabla hata ya kumtafuta mzamiaji: boti isiyo na jile za kuokolea usipande, hata kama mizigo yako imeisha kupakiwa. Mzamiaji, hata akiwa bora, mara nyingi anafika tumeisha kuchelewa.