Ushauri Hauungi Kidole Kilichokatika



Neno "mfanyakazi" halikupi shida. Kila afanyaye kazi ni mfanyakazi, awe na mwajiri au asiwe naye. Sheria, hata hivyo, ina kamusi yake. Sheria ya Malawi ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini, ya mwaka 1997, jicho lake limeelekezwa kwa walioajiriwa, katika mahali pa kazi palipoandikishwa, penye mitambo ya kukaguliwa. Seremala anayepasua mbao chini ya turubai hayumo katika picha hiyo.

Maseremala wa namna hiyo wapo wengi Dzaleka, wilayani Dowa, chini ya kilomita 50 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, ikakusudiwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili chao kimejaa sokoni. Hushona, huchomelea vyuma, hufyatua matofali. Msumeno wa umeme haumuulizi mtu kitambulisho kabla ya kumkata.

Sheria ndiyo inayouliza. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987. Ibara ya 24 ya mkataba huo inamtaka mwenye nchi amtendee mkimbizi sawa na raia katika masharti ya kazi na katika fidia ya ajali kazini. Malawi ilitangaza kwamba itaichukulia ibara hiyo kuwa pendekezo tu, si wajibu. Basi niambie, ewe msomaji: pendekezo huunga kidole kilichokatika?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema: mpe jembe, lakini likimkata mguu asikulalamikie. Na Dzaleka siku ya tatu ilikwisha kupita miaka mingi.

Fuata sasa safari ya aliyejeruhiwa. Ulemavu mwingine mtu huzaliwa nao. Mwingine hutengenezwa kazini, na sheria iliyonyamaza huwa mshiriki. Mtu huyu, akipata kibali cha kutoka kambini, atafika Lilongwe kwa basi dogo au kwa kabaza. Huko mjini, alama ya kiti cha magurudumu iliyochorwa katika maegesho ni jambo jema, lakini humfaa nani? Humfaa mwenye gari. Na pasipokuwa na msimamizi wala faini, hata huyo haimfai: alama hugeuka rangi tu chini ya matairi ya mwenye haraka. Kibali cha maegesho yafaa kimfuate mtu, si gari, ili chombo chochote kilichombeba, kabaza ikiwemo, kiruhusiwe kumshusha mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba Malawi ni maskini, na raia wenyewe hawana ajira. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelemea upande wetu. Kinga ya msumeno ni rahisi kuliko kumtunza aliyepoteza mkono maisha yake yote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Isitoshe, fundi wa Kimalawi asiye na mwajiri anaachwa nje na kamusi ileile. Anayemtetea mkimbizi anamtetea na jirani yake.

Tena Malawi imeonyesha kwamba sheria hubadilika. Sheria ya ulemavu ya mwaka 2012 imekwisha kupisha mpya ya mwaka 2024. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliitangaza haki ya mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi. Kilichobaki ni Bunge la Lilongwe kufungua upya kitabu cha 1997, kumtaja kila afanyaye kazi, na Serikali kuondoa tangazo lake juu ya Ibara ya 24.

Zoezi la juma hili: andika barua rasmi kwa mbunge, aya tatu, juu ya jambo hili. Uwe mwangalifu na kauli ya kutendwa. "Amekatwa kidole" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini inamficha aliyeuacha msumeno bila kinga. Mtaje.