ELIMU MOJA AU ELIMU NYINGI?



Katika mkutano wetu wa hapa Ivuna yaliletwa maoni mawili. Wengine wasema fedha ya chama inunue vitabu vya mtihani wa ukarani tu. Wengine wataka pia vitabu vya sayansi na historia, kwani, wasema, elimu nyingi hunoa akili. Twatoa shauri letu.

Kwanza tuseme kweli. Akili si panga, hata ukilinoa kwa jiwe lolote likate kila mti. Mwaka 1901 Thorndike na Woodworth wa Marekani waliwazoeza watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya namna moja. Walipowapa maumbo mengine, faida ya mazoezi ilipungua sana. Basi agusaye masomo kumi juu juu asitumaini kupata akili mpya.

Lakini tusiishie hapo. Watu wa Ivuna walipika chumvi tangu karne ya 13, kama walivyoonyesha Fagan na Yellen waliofukua hapa mwaka 1966. Mpika chumvi ajua ya kuwa maji huficha kitu, na yakiondoka hukiacha. Tena tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kwetu kimondo cha gramu 705 hivi. Si chuma kama kile cha Mbozi, bali jiwe jeusi lenye kumeguka upesi. Wataalamu waliona ndani yake madini yaliyofanywa na maji yaliyopita katika mwamba wake zamani sana, kabla halijafika duniani. Hata jamii nzima ya vimondo vya namna hiyo yaitwa kwa jina la Ivuna. Mpika chumvi akisomewa habari hiyo, nusu yake amekwisha kuijua. Aliyekariri majibu ya mtihani peke yake hana pa kuanzia.

Hiyo ndiyo faida ya elimu nyingi: haiinoi akili, bali huipa vigingi vya kutundikia yaliyo mapya. Lakini kigingi hakisimami ila kimepigwa kikaingia ardhini.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mtihani usidharauliwe, maana ndio riziki ya watoto wetu, na ashindwaye hubaki na mshahara ule ule. Lakini katika kila vitabu vitatu kimoja kiwe cha elimu nyingine, nacho kisomwe mpaka mwisho. Na kila asomaye ajiulize: jambo hili lafanana na lipi nilijualo?

Mkutano ujao tutapiga kura. Njoni nyote.