Umeishi Jeddah Miaka Miwili, Hujaiona Jeddah

Hapa Pipeline kuna swali linaniuma kila nikilisikia. Msichana amerudi kutoka Saudi, amemaliza kontrakti yake, na kabla hata hajapandisha sanduku mpaka floo ya saba (lifti ni ndoto, mnajua) wasee washaanza: "Kwani umekaa huko miaka miwili na huna hata picha moja ya maana?" Wanacheka. Naye anajitetea na ile sentensi ambayo karibu kila mmoja wao anaibeba kwa pasi: "Sikuenda kutembea, nilienda kutafuta."

Leo nataka kupigana na hiyo sentensi.

Nani alisema mtu hawezi kufanya yote mawili? Mzungu anayefundisha Kiingereza Riyadh pia alienda kutafuta. Hakwenda kuswali. Lakini wikendi ikifika yuko Diriyah, anapiga picha kuta za udongo za At-Turaif, ule mji wa zamani ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, na hakuna mtu anamwuliza ulikuja kutembea ama ulikuja kutafuta. Swali hilo limewekewa dada zetu peke yao. Na kibaya zaidi ni kwamba tumelikubali, tukalifanya heshima. Eti msichana mwenye bidii ni yule hakutoka nje ya geti.

Sasa sikiliza alichokosa. Katikati ya Jeddah kuna mtaa wa kale unaitwa Al-Balad, UNESCO waliutambua 2014. Nyumba zake ndefu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa Bahari ya Shamu, na mbele zina vizimba vya mbao vilivyochongwa vinatokeza juu ya barabara. Wao wanaviita roshan. Sisi tunasema roshani. Usijifanye mgeni. Kuna nyumba moja ya tajiri wa zamani, Beit Nassif, ambamo Mfalme Abdulaziz alikaa alipouchukua mji huo 1925. Mbele ya hiyo nyumba umesimama mti mkubwa, na inasemekana zamani watu walielekezana kwa huo mti kwa sababu mji mzima haukuwa na mwingine. Mti gani? Mwarobaini. Huo huo ambao nyanya yako alikuchemshia ukanywa ukilia.

Mtu wa Lamu akisimama pale hahitaji kuelezwa kitu. Na si mawe tu. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji mpaka Ghuba, zikaezeka nyumba za Muscat, Bahrain na Kuwait, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo 1982. Upana wa chumba huko uliamuliwa na urefu wa boriti, karibu mita 3. Yaani kumi kwa kumi. Landilodi wa Pipeline hakuvumbua kitu, maze.

Kwa hivyo boriti zetu zilifika Uarabuni zikawekwa juu ya sebule. Dada zetu wanafika, wengine wanalazwa stoo.

Jirani yangu wa floo ya sita alikuwa Jeddah. Anasema bahari aliiona kila siku, kutoka dirisha la pale anaoshea vyombo. Hakuwahi kuigusa. Alipouliza kuhusu siku yake ya mapumziko, madam alimwambia mapumziko ni siku ile wageni hawaji. Wageni walikuja miaka miwili. Safari alizofanya katika mji mzima ni mbili: kutoka uwanja wa ndege, kurudi uwanja wa ndege.

Na hapa lazima nigeuke niangalie upande wetu, sisi watu wa kontenti. Saudi ilifungua viza ya utalii Septemba 2019. Inataka ziara milioni 150 kwa mwaka ikifika 2030. Pesa ya kuita wenye kamera ipo, na watu wanaitwa. Unafungua simu, unaona mtu amesimama Hegra, kule AlUla, mbele ya makaburi yaliyochongwa kwenye mwamba na Wanabatea, wale wale wa Petra ya Jordan, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Makaburi makubwa 111. Droni juu, muziki, kanzu ya kukodi. Sina shida na Hegra. Nikipewa tiketi kesho naenda, na pengine nitalia pale mbele ya mwamba. Shida yangu ni dakika kumi za video bila neno moja kuhusu nani amelipia hiyo safari. Na bila kukumbuka kwamba nusu ya wanaotazama ni watu wa Eastlands walio na dada, shangazi ama mama katika nchi hiyo hiyo, ambao hawajaruhusiwa kufika hata dukani. Milioni 150 wanaalikwa waje waone. Aliye ndani tayari, anayeongea Kiarabu cha jikoni vizuri kuliko wewe na gaidi wako, hahesabiwi.

Najua mtakachoandika kwa komenti. "Wasichana wanarudi kwa majeneza na wewe unatuletea stori za majumba ya zamani? Wewe hata chuo hukumaliza." Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo si siri, na haina uhusiano. Lakini la majeneza ni zito, nalijibu.

Mwanamke anayetoka nje kila Ijumaa ni mwanamke anayeonekana. Anakaa kwa benchi na Wakenya wengine, na Waganda, na Waethiopia. Wanaulizana mshahara umeingia ama bado. Mmoja ana alama ya pasi kwa mkono, mwenzake anauliza hiyo ni nini. Akikosa kuja Ijumaa mbili mfululizo, kuna mtu anasema, "Yule wa Pipeline yuko wapi?" Ubalozi wetu uko Riyadh, zaidi ya kilomita 900 kutoka Jeddah. Yule wa kwa benchi yuko karibu zaidi. Kwa hivyo usiniambie kutembea ni anasa na uhai ni jambo lingine. Anayefungiwa asione mji amefungiwa pia asionwe na mji, na huko ndiko mabaya yanafanyika, ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu wa nje anajua uko.

Na si hisani tunaomba. Kanuni za Saudi za wafanyakazi wa nyumbani zimetaja siku ya mapumziko kila wiki tangu 2013. Paspoti nayo si ya mwajiri kuifungia kwa kabati. Imeandikwa. Lakini kwa kozi za kujitayarisha huku tunafundisha wasichana kupiga pasi, kutumia mashine ya kufagia na kusema "hadhir, madam". Wafundishwe pia kusema wanataka kutoka Ijumaa. Wapewe ramani ya mji wanaokwenda, kama vile mtalii hupewa.

Mtengenezaji kontenti mwenzangu, ukialikwa, nenda. Sema nani amelipa. Ukimaliza makaburi, tafuta mahali Wakenya hukaa siku yao ya mapumziko, zima droni, salimia.

Na wewe uliye na fomu za ajenti mkononi wiki hii, kabla ya kusaini tafuta mstari wa siku ya mapumziko. Kama haupo, uliza kwa nini, na uulize mbele ya watu. Kama upo, piga picha ukurasa huo, umtumie mtu wa nyumbani ambaye hatapoteza simu.