Kifaa Kipo, Mlinzi Yuko Wapi?

Mtandao wa ofisi ukivamiwa, wakubwa huitana kikaoni na uamuzi huwa mmoja: kinunuliwe kifaa kikubwa zaidi. Kinafungwa, taa za kijani zinawaka, na wote wanalala usingizi wa pono. Imani hii ni potofu, na wanaoilipia si wale walioidhinisha manunuzi.

Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo, ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano ya mtandao wake. Ili kisome mawasiliano yaliyofungwa kwa msimbo, kilihitaji cheti cha kidijitali ambacho hakijaisha muda. Cheti kiliisha, miezi ikapita, hakuna aliyekihuisha. Kifaa hakikuzimika, kiliendelea kupitisha mawasiliano hayo bila kuyakagua. Mei 2017 wadukuzi wakaingia kupitia kasoro ya programu ya Apache Struts, ambayo marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi. Tahadhari ilisambazwa ndani ya kampuni kwa barua pepe, lakini orodha ya wapokeaji ilikuwa imepitwa na wakati. Humo ndani wadukuzi wakakuta nywila zimehifadhiwa wazi, zikawafungulia hifadhi nyingine nyingi za taarifa. Walijichotea kwa siku 76. Cheti kilipohuishwa mwishoni mwa Julai, wizi ukaonekana mara moja. Watu wapatao milioni 147 walikuwa wamekwisha kuibiwa taarifa zao, na wengi wao hawakuwahi hata kuomba huduma ya kampuni hiyo.

Pale hakikukosekana kifaa. Alikosekana mtu wa kuangalia tarehe.

Wapo watakaosema kifaa bora zaidi kingezuia yote hayo. Lakini hata RSA, kampuni ya usalama wa mitandao, iliuza vifaa vya mkononi vinavyotoa namba za siri za kuingilia mitandao, vikiaminiwa na mashirika makubwa duniani. Mwaka 2011 mfanyakazi wake alifungua faili la Excel lililoletwa kwa barua pepe, wadukuzi wakaingia, na siri walizoiba zikatumika katika shambulio dhidi ya kampuni ya silaha ya Lockheed Martin.

Kwa hiyo anayeletewa karatasi ya manunuzi asitie saini kabla ya kuuliza: nani atahuisha vyeti, nani atasoma tahadhari usiku, na nani ana mamlaka ya kukata mtandao bila kusubiri kikao? Kama mshahara wa mtu huyo haumo kwenye bajeti, karatasi irudishwe.